Mwanamke wa Ndoo Mlangoni kwa Bwana Kufuli

Gando, Pemba
4 Machi 1961

Kwa Bi Moza binti Duni, Ng'ambo, Unguja

Bi Moza,

Salamu zangu zikukute mzima, kama zinavyoniacha. Eda yangu imekwisha, na yako bila shaka pia, maana tulifiwa siku moja. Nilipotoka uani mara ya kwanza jua lilinitia machozi. Jirani yangu Mize akawaambia watu, "Mwacheni, kidonda bado kibichi." Sikumsahihisha.

Mimi na wewe hatujapata kuonana wala kuandikiana, na mume wetu Soud hayupo tena wa kutuchukulia maneno. Nimesoma chuoni tu, chuo cha Kurani. Herufi hizi za kizungu alinifundisha marehemu, kwa mkaa juu ya ungo wa kupepetea. Ukijaa, anaufuta kwa kiganja tunaanza upya. Basi ukiona mistari yangu inapanda kama ngazi, nistahamilie.

Jambo lenyewe ni hili. Ahmada, mtoto wa marehemu Nyange mwenye kiwanda cha chapa huko mjini, ameniandikia. Anataka kuzitoa tena gazetini zile picha za mzaha alizochonga mume wetu wakati wa vita, picha za Bwana Kufuli. Vibao vyake vya mti viko kwako, lakini anasema mimi ndiye mke mkubwa, havipigi chapa mpaka niridhie.

Unajua kwa nini anazitaka sasa. Mgombea wetu huku anazunguka Wete mpaka Chake Chake akisema kila kisiwa kibebe mzigo wake, ya Unguja yabaki Unguja, na asiye wa chama chetu tusimzike. Ni sauti ile ile ya yule mkubwa wa barazani zama za vita: "Vita vya Wazungu hivi. Sisi tuna bahari pande zote, atatufikia nani?" Soud akamchonga na kufuli shingoni, amekaa juu ya paa chini ya mwavuli, mabomu yanashuka nyumba ya pili, naye anasema, "Mvua hiyo ya kwa jirani." Na mchele wa Rangoon uliokuwa ukija kwa meli ulipokatika, tukawa tunakula muhogo asubuhi na jioni, akamchonga amekaa mbele ya sinia tupu: "Vita si vyetu. Basi mchele wetu umekwenda wapi?" Hapa Gando watu walicheka wakashika mbavu, khasa kwa kuwa Bwana Kufuli alikuwa akipapasa sinia kwa mkono wa kushoto. Wakamsifu Soud, "Umemvua adabu kwa mkono mmoja tu!" Yeye akakohoa, akaomba maji.

Zitolewe, sina neno. Ila moja. Ile ya mwanamke mwenye ndoo ya maji anayegonga mlango na kupiga kelele "Moto!", na Bwana Kufuli amechungulia dirishani, paa lake mwenyewe linafuka moshi nyuma yake, anajibu, "Wa jirani huo." Hiyo naomba isitolewe. Usiniulize sababu.

Mwatum binti Hija

*

Ng'ambo, Unguja
15 Machi 1961

Dada Mwatum,

Mungu atupe subira sote. Mistari yako imenyooka, yangu ndiyo inayopanda, ingawa nilisoma skuli ya wasichana na mwalimu alinipiga vidole kwa rula.

Unaniambia nisiulize, na mimi ndiyo kwanza nitauliza. Kwa nini hiyo? Hiyo ndiyo picha. Nyengine watu walicheka. Hiyo walicheka, kisha wakatazamana. Ahmada ananiambia akikosa hiyo bora asitoe hata moja.

Na kuna jengine, nikwambie wazi. Tangu mwaka ule ilipotoka, hapa mtaani jina langu ni Bi Ndoo. Nikipita barazani wazee husema, "Bi Ndoo, moto uko wapi leo?" Nami huwajibu, "Kwa mama zenu." Wanacheka. Nimezeeka na jina hilo. Soud aliichonga hapa hapa kizingitini pangu, juu ya ubao wa mfenesi aliokuja nao kutoka kwenu Pemba, unga wa mbao ukiruka mpaka kwenye mchuzi wangu.

Wewe una kaburi lake. Ijumaa unakwenda unaling'oa majani. Una mashamba yake na ndugu zake wa kukuita shemegi. Mimi nilikaa eda kwenye nyumba isiyotoka maiti. Waliokuja kunipa pole walikuwa hawajui waelekee upande gani. Nina sanduku la vibao, basi. Sasa na hicho kimoja unakitaka?

Sema sababu. Nikiona ina haki, nitakaa kimya.

Moza binti Duni

*

Gando
2 Aprili 1961

Bi Moza,

Basi nitasema.

Siku moja Soud alikuwa anakula kisamvu hapa kwangu, amefurahi, akaniambia, "Mwenzako wa Unguja naye ana kidoti shavuni kama wewe. Ila chake cha kushoto, chako cha kulia. Utadhani mmetoka tumbo moja." Alidhani ananiletea zawadi. Wanaume wana namna yao ya kuleta zawadi.

Msimu haukupita, gazeti lile likafika. Tulikuwa kisimani. Mize alilipata kwa mumewe, akalikunjua, akapiga ukelele, "Mwatum, si wewe huyu? Tazama anavyokwenda mbio!" Kisha akalisogeza karibu na macho. "La. Kidoti kimehama." Mwanamke mmoja akasema, "Kimehamia wapi?" Mwengine akajibu, "Kimepanda meli, kimekwenda Unguja." Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao, ndoo ikanitoka mkononi ikaanguka kisimani, wakazidi kucheka.

Nilikwenda nyumbani nikamenya muhogo nikajikata kidole.

Sikupata kulalamika juu ya zamu. Siku zangu zilikuwa za msimu wa karafuu, zako za mwaka mzima. Kazi yake ilikuwa huko, nikasema kheri. Lakini nikuulize. Unaujua moto ule ni wa wapi? Ni wa hapa Gando, nyumba ya mama yake Soud, kabla hujamjua. Mimi ndiye niliyekimbia na ndoo. Nilikuwa bibi harusi bado, hina haijatoka. Nikagonga mlango wa jirani mwenye kisima, akatujibu dirishani kwamba maji yake ni ya kunywa. Soud alikuwa nyuma yangu, aliyaona yote. Akaja akauchukua moto wangu, na mbio zangu, na ndoo yangu, akakutia wewe mkononi.

Ukitaka mabakuli yake nitakupa, na misahafu. Hiyo picha nikiiona tena imebandikwa dukani kwa Khatib, Wete, nitakuwa mjane mara ya pili.

Mwatum

*

Ng'ambo
20 Aprili 1961

Dada Mwatum,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilitaka kukujibu kwa upole, sikuuona upole nilikouweka.

Una kioo nyumbani? Chukua gazeti lile la zamani, najua umeliweka, simama mbele ya kioo, liinue. Tazama kidoti kiko shavu gani.

Kibao kikipakwa wino na kugandamizwa juu ya karatasi, kila kitu hugeuka. Cha kulia huwa cha kushoto. Wachongaji wa vibao hulijua hilo, huchonga kinyume ili kitoke sawa. Soud alikuwa fundi wa milango, na mlango hauchapwi. Kibao chake cha kwanza alikichonga pamoja na maneno, yakatoka kinyumenyume, marehemu Nyange akacheka mpaka akavua miwani. Toka hapo maneno wakayapanga wao kwa herufi zao za chapa za risasi, lakini picha Soud akaendelea kuzichonga kama anavyoziona moyoni mwake. Na ule mkono wa kushoto wa Bwana Kufuli mliousifu, ubaoni ni wa kulia. Ndiyo maana akakohoa.

Ubaoni kidoti kiko kulia. Umefahamu? Yule ni wewe. Tangu siku ya kwanza ni wewe.

Nilikuwa nimekaa naye kizingiti kimoja, na kidoti changu, na ndoo yangu imesimama pale pale mlangoni. Hakuinua macho. Namwita chakula, hasikii. Nikamwuliza, "Nani huyu?" Akasema, "Mwanamke tu." Mwanamke tu! Na mimi nimekwisha kuambiwa juu ya kidoti chako cha kulia, kwa mdomo ule ule, na furaha ile ile. Gazeti likatoka, mtaa mzima wakasema ni Moza. Ulitaka nisimame barazani niseme hapana, ni mke mkubwa? Nikalipokea jina. Wewe ulikuwa na uso wa ubaoni, mimi nikachukua wa karatasi.

Wewe umelia kwa picha yako mwenyewe. Mimi nimelala na uso wako sandukuni chini ya kitanda changu miaka yote hii, na kila mfungo nikiupaka mafuta ya nazi usiliwe na mchwa.

Moza

*

Ng'ambo
28 Juni 1961

Dada Mwatum,

Sikupata jibu. Huenda barua imepotea, huenda hukutaka.

Nakuarifu ni mzima. Fujo za baada ya kura mmezisikia. Hapa mtaani tulikaa ndani, milango imekazwa, hata wa kuombana chumvi hapana. Jirani yangu wa mkono wa kulia, niliyezoea kubishana naye juu ya kuku wake, sijui yuko wapi, na kuku wanazurura. Nawapa makombo.

Ahmada alifunga kiwanda, amekifungua juzi. Anasema sasa picha ya ndoo itangulie kuliko zote. Mgombea wenu kapita, na amekwisha kusema kwamba yaliyotokea Unguja ni ya Unguja. Ahmada ameapa atamjibu kwa kibao hicho, neno moja asiandike.

Ningeweza kumpa bila ya wewe. Nani angejua? Kibao kipo mezani mbele yangu, na ninakuandikia wewe kwanza. Sijui kwa nini.

Kama umekasirika, kasirika kwa barua.

Moza

*

Gando
9 Julai 1961

Moza mdogo wangu,

Alhamdulillahi umesalimika. Nilisikia habari za mjini nikakuombea, nikajishangaa.

Barua yako haikupotea. Nilishindwa kuijibu. Kioo changu ni kidogo cha kutia wanja, nikaenda kwa Mize, ana kikubwa cha harusi yake. Nikasimama nikaliinua gazeti. Akanikuta.

"Unafanya nini?"

"Nasoma gazeti."

"Kwenye kioo? Mwatum, mume kafa, na akili nazo?"

Nikamwambia njoo utazame. Akaja, mikono ina unga, akatazama. "Ee! Kidoti kimerudi!"

Nikamwambia, "Kimerudi."

"Kimerudi na meli gani?"

Tukacheka mpaka unga wake ukaingia kwenye gazeti. Kisha yeye akaniambia, "Na yule wa Unguja, anajua?" Nikasema anajua tangu mwanzo. Mize akakaa chini kwenye mkeka. "Maskini," akasema. Nikadhani ananisikitikia mimi. Alikuwa anakusikitikia wewe, na nikaona uchungu, nitasema kweli. Hata masikitiko nilikuwa nimeyazoea yawe yangu.

Nilikaa na furaha yangu kwa siku nyingi. Nilikuwa nikienda sokoni natembea kama mwanamke anayetafutwa na mafundi wamchonge. Nikapitisha wiki baada ya wiki bila ya kukujibu kwa sababu nilitaka niwe nayo peke yangu. Ukanisemesha wewe, na kuku wa jirani yako.

Soud alitugawia siku kwa ridhaa yetu, hakuna aliyedhulumiwa. Kibao hiki hakukigawa. Basi tugawe sisi. Mpe Ahmada, akipige chapa. Karatasi iwe yako kama ilivyokuwa. Atokee na kidoti chako cha kushoto, uendelee kuwa Bi Ndoo. Nikiulizwa na watu wa huku nitasema ni Bi Moza wa Unguja, na Mize nimemwapisha. Ila kikishapigwa, uniletee ubao. Nataka niguse hilo shavu alilolichonga.

Kuyaandika haya si rahisi, nimekosea nikafuta mara nyingi. Kama kungekuwa na ungo na mkaa ungeona kiganja changu kilivyo cheusi.

Mwatum

*

Ng'ambo
11 Agosti 1961

Dada Mwatum,

Ubao anakuletea Khatib, amekuja mjini kununua bidhaa za duka lake. Ameapa hataufungua. Ataufungua.

Gazeti lilikwisha siku ile ile, Ahmada akapiga tena. Neno hakuandika, isipokuwa yale ya zamani: "Wa jirani huo." Watu wameibandika picha mpaka kwenye milango ya wenyewe waliofunga madirisha siku zile. Nasikia mheshimiwa wenu amewaambia watu gazeti hilo analifungia samaki, kuonesha halimwumi. Ahmada kafurahi, anasema, basi atakuwa amelinunua.

Lakini mimi nina la kukwambia kabla hujapapasa.

Nilikichukua kibao kukipeleka kiwandani. Nilipofika kizingitini nikakaa, pale pale alipokuwa akikaa yeye. Nikakitazama kidoti. Ni kinundu kidogo tu cha mti kilichobakishwa, kama punje ya mtama. Nikafikiri, kwenye karatasi huyu atakuwa mimi kwa hisani ya Mwatum. Kwenye ubao atakuwa Mwatum kwa mapenzi ya Soud. Nimekula hisani nyingi maishani, hiyo haikushuka. Nikaingia ndani nikachukua kisu cha viazi, nikakikata. Kilitoka kwa mara moja. Kilikuwa kidogo hivyo.

Kwa hiyo gazetini hana kidoti, na ubaoni hana. Si wewe, na si mimi. Barazani wameniuliza, "Bi Ndoo, kidoti kiko wapi?" Nikawaambia, "Kimezeeka, kimeanguka." Hawakucheka sana. Nadhani jina nalo litaanguka.

Uliniamini na ubao, nami nikafanya hivyo. Ukinilaani sitaiita dhulma.

Moza

*

Gando
27 Agosti 1961

Moza,

Khatib aliufungua. Uliponifikia ulikuwa umefungwa kwa kanga yako, na fundo ni la kiume.

Nimepapasa. Palipokuwa na kidoti pamelainika kama shavu la mtoto. Nilikasirika kiasi cha maji ya chai kuchemka. Yalipochemka nikanywa chai. Sikukulaani. Ningekuwa na kisu cha viazi miaka ile, na karatasi ingekuwa mti, unadhani ningekiacha?

Gazeti limefika huku moja tu, dukani kwa Khatib. Pale barazani wa chama hiki hukaa kushoto na wa chama kile kulia, hata kibiriti hawapeani. Kwa kuwa gazeti ni moja, ikawabidi wasogeleane. Wamecheka vichwa vimegusana. Walipomaliza wakakumbuka, wakarudi kila mtu upande wake, lakini mmoja alisahau kofia yake upande wa pili, na mpaka jioni hajaifuata wala hajaletewa. Mize, kwa kiapo chake, anawaambia watu yule mwanamke ni marehemu mama yake, hana shaka. Khatib anasema ni shangazi yake wa kisiwa cha Fundo. Mimi nimekaa kimya, wewe nawe kaa kimya.

Sasa nikwambie lililonipata, maana hapana mwengine wa kumwambia.

Niliuegemeza ubao juu ya kabati, kabla ya kulala namtazama yule mwanamke. Kidoti hakikuwa na neno. Hata bila ya hicho namjua: anavyotanguliza mguu, kanga ameibana kwapani, mdomo wazi. Hivyo ndivyo nilivyokimbia, na mtu mmoja tu ndiye aliyeniona. Nikafurahi usiku wa kwanza. Usiku wa pili ugonjwa wangu ukanirudia, ule ule wa kisimani.

Kwa kuwa mwanamke huyu ni kijana. Na Soud alikuwa naye mikononi kutwa, akimpuliza unga wa mbao usoni, akimwangalia hata asisikie akiitwa chakula. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia. Siku hizo mimi nilikuwa hapa Gando namenya muhogo peke yangu, na hapana aliyeniangalia. Umri wote huu nimekuonea wivu wewe, Moza, na wewe umenionea mimi. Naye alikuwa akimtazama huyu.

Karafuu za vuli zikianza kuiva, njoo. Kitanda kipo, na kaburi tutaling'oa majani sote wawili. Ubao nimeugeuza, umeelekea ukutani.

Ukija, usimgeuze.

Mwatum